Uzi: Tuipime raundi ya kwanza ya FPL Draft 2024/25, nani alilamba dume na nani aliingia cha kike

#1 Katibu wa Ligi

Wakuu, heshima kwenu. Kwa wageni: FPL ni Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambao wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England wanakupa pointi kwa wanachofanya uwanjani, na Draft ni aina yake ambayo mnachagua wachezaji kwa zamu.

Msimu wa 2024/25 ulifungwa 25 Mei 2025, Liverpool wakabeba ndoo, na sasa Agosti 2025 imeingia kila mtu ana hamu ya kuchagua upya. Kabla hatujapanga zamu, naomba tuipime raundi yetu ya kwanza ya mwaka jana, mtu kwa mtu. Mijadala mingi ninayoiona huko kwenye magrupu ya WhatsApp inaishia sehemu moja: mtu anafungua jedwali la pointi za mwisho wa msimu, aliyeko juu anasifiwa, aliyeko chini anazomewa. Jedwali hilo hakuna aliyekuwa nalo siku ya kuchagua. Tukipima hivyo, mwaka huu tutarudia yaleyale.

Kwa wanaocheza FPL ya kawaida pekee, niwaweke sawa haraka. Kwenye Draft hakuna bajeti wala nahodha, na mchezaji anamilikiwa na mtu mmoja tu ndani ya ligi yenu. Kila mtu anajaza wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Zamu zinageuka kila raundi. Sisi tuko 10, kwa hiyo mwenye namba 1 akishachagua anakaa mpaka chaguo la 20, kisha anapewa na la 21 papo hapo. Mwenye namba 10 anachukua la 10 na la 11 mfululizo, halafu anasubiri hadi la 30.

Raundi yetu ilienda hivi: 1 Haaland (Man City), 2 Salah (Liverpool), 3 Palmer (Chelsea), 4 Saka (Arsenal), 5 Foden (Man City), 6 Son (Tottenham), 7 Watkins (Aston Villa), 8 Isak (Newcastle), 9 Bruno Fernandes (Man United), 10 Alexander-Arnold (Liverpool). Saka alikuwa wangu, nalisema mapema ili mnaosoma mjue nimesimama wapi.

Ninapima kwa maswali mawili. Siku ile, kabla mpira haujaanza 16 Agosti 2024, tulikuwa tunajua nini? Na je, ungemwacha huyo mchezaji, ungepata nani wa nafasi hiyohiyo raundi za mbele? Hili la pili ndilo watu wanaliruka, na ndilo linaloamua kila kitu. Thamani ya mchezaji wa raundi ya kwanza ni ile pengo kati yake na yule ambaye ungempata baadaye bila jasho.

Tuanze na Haaland na Salah maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Aliyechagua namba 1 ametukanwa msimu mzima, na mimi nasema ameonewa, ila si kwa asilimia mia. Siku ile Haaland alikuwa na mabao 36 ya 2022/23 na 27 ya 2023/24, Kiatu cha Dhahabu mara mbili mfululizo. Msimu uliotangulia alivuna pointi 217 kwa mechi 31, yaani pointi 7 kila alipoingia uwanjani. Salah alikuwa na 211 kwa mechi 32, kama 6.6 hivi. Juu ya hapo, Salah alikuwa ametimiza miaka 32, alitoka kuumia kwenye AFCON ya Januari, mkataba umebaki mwaka mmoja, kocha Klopp kaondoka na mrithi wake Arne Slot hajasimamia hata mechi moja ya Ligi Kuu. Nani kati yetu alikuwa na uhakika?

Ila yalikuwepo mambo mawili ambayo yalikuwa wazi siku ileile. La kwanza ni kitambaa. FPL ya kawaida ilimuuza Haaland kwa milioni 15 na Salah kwa 12.5, na wengi wetu tuliingia kwenye Draft na picha ya bei hizo kichwani. Bei ile imebeba unahodha ndani yake: unamlipia Haaland ghali kwa sababu unamvisha kitambaa na pointi zake zinazidishwa mara mbili. Kwenye Draft hakuna kitambaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya sababu ya bei ile haipo. La pili ni nafasi. FPL ilimwandika Salah kama kiungo. Bao la kiungo ni pointi 5, la mshambuliaji ni 4, na kiungo anapewa pointi 1 timu isipofungwa, mshambuliaji hapewi kitu. Mabao 20 ya Salah na mabao 20 ya Haaland yana tofauti ya pointi 20 kabla hujahesabu asisti hata moja.

Sasa twende kwenye pengo. Ligi ya watu 10 inachukua washambuliaji 30 na viungo 50. Timu ziko 20 na nyingi zinaanza na mshambuliaji mmoja wa kati, kwa hiyo ukifika mshambuliaji wa 25 unaokota watu wa benchi. Ndiyo maana watu wanakimbilia washambuliaji mapema. Lakini kanuni inaruhusu kupanga mshambuliaji mmoja tu na viungo watano. Uhaba upo, haukulazimishi.

Na angalieni kilichotokea. Haaland alimaliza na mabao 22. Chris Wood wa Forest alifunga 20, Yoane Wissa wa Brentford 19, Matheus Cunha wa Wolves 15, na wote hao kwenye ligi yetu walichukuliwa raundi za katikati kwenda chini. Kati ya Haaland na Wissa kuna mabao matatu, pointi 12 za mabao kwa msimu mzima! Kwa viungo hali ni nyingine kabisa. Salah alifunga 29 na kutoa asisti 18, akamaliza na pointi 344 na kuivunja rekodi yake mwenyewe ya 303 aliyoiweka 2017/18. Kiungo aliyemfuata ni Bryan Mbeumo wa Brentford na 236. Pengo la pointi 108 kati ya wa kwanza na wa pili wa nafasi moja! Hata ungempata Mbeumo raundi ya pili, usingeliziba.

Haaland nampa B. Chaguo linaloeleweka, lililosahau kwamba huu mchezo hauna nahodha. Salah namba 2 ni A bila mjadala, na mwenye namba 2 anastahili sifa ya ziada kwa sababu mezani walikuwepo Palmer mwenye 244 za msimu uliotangulia na Foden mwenye 230, zote juu ya Salah.

Palmer, namba 3. Mabao 22 na asisti 11 msimu uliotangulia, penalti zote za Chelsea ni zake, na umri wa miaka 22. Siku ile hakukuwa na hoja ya maana ya kumkataa. Septemba 28 aliwapiga Brighton mabao manne ndani ya kipindi cha kwanza. Kisha baada ya bao lake dhidi ya Bournemouth katikati ya Januari akakauka kwenye ligi mpaka 4 Mei, alipofunga penalti dhidi ya Liverpool. Mabao 15, pointi 214. B+. Kwenye ligi za kukutana ana kwa ana kama yetu, ambapo kila wiki unapambana na mwenzako mmoja, ukame wa miezi mitatu na nusu unakuua hata kama jumla ya mwisho inapendeza.

Foden ndiye chaguo baya kuliko yote ya raundi hii, na nitasimama hapo. Najua alitoka kuwa mchezaji bora wa msimu, mabao 19. Lakini tuangalie kilichokuwa mezani. Fainali ya Euro ilichezwa 14 Julai, England walikuwepo mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo kurudi kwake mazoezini kulikuwa kwa kuchelewa. Kiungo mwenzake De Bruyne alikuwa amerudi kutoka kwenye jeraha refu la msimu uliotangulia. Penalti si zake, ni za Haaland. Na Guardiola, kocha wa City, alikuwa anabadilisha viungo wa mbele kila wiki, jambo ambalo kila anayecheza FPL alilijua kama jina lake. Bao lake la kwanza la ligi lilikuja 21 Desemba pale Villa Park. Mabao yake yote 7 yaliingia kati ya siku hiyo na 25 Januari. Kabla na baada ya hapo, hakuna kitu. D.

Son, mabao 7 baada ya 17 ya msimu uliotangulia. C. Bruno, mabao 8 na asisti 10, karibu sawa na 10 na 8 za mwaka uliotangulia, yaani ulipata ulichonunua. B-. Watkins alifunga 16 na ukimchukua namba 7 huna cha kulalamika. B.

Isak kwa namba 8 ndiye wizi wa raundi. Mabao 21 kwa mechi 30 za 2023/24, penalti za Newcastle zinamhusu, na jambo ambalo watu wachache waliliweka kwenye hesabu: Newcastle hawakuwa na mashindano ya Ulaya. Walimaliza nafasi ya saba, Manchester United wakashinda Kombe la FA, tiketi ya Ulaya ikawaponyoka. Mshambuliaji anayejulikana kwa misuli inayosumbua, anapumzika katikati ya wiki. Alifunga 23, na kuna kipindi alifunga mechi nane za ligi mfululizo. A.

Alexander-Arnold namba 10 nawaachia nyie. Nawasilisha.

#2 Mtoto wa Tandika

Nakazia hapo kwenye kitambaa. Watu wengi wanaingia Draft na akili ya FPL ya kawaida, wanachagua kwa kufuata bei. Bei haina kazi huku.

#3 Beki Tatu

Mkuu Katibu, uzi mzuri ila kuna mtu umemruka kwa makusudi. Saka yuko wapi? Foden umempa D, Son umempa C, mchezaji wako hata alama huna. Saka kamaliza na mabao 6. Sita! Bruno kamzidi, na Bruno umempa B-.

#4 Katibu wa Ligi

Beki Tatu, nimemwacha makusudi kweli, nilitaka aulizwe na mtu mwingine ili nijibu kwa nafasi.

Mpaka 21 Desemba, ukihesabu na mechi ya siku hiyo, Saka alikuwa na mabao 5 na asisti 10 kwa mechi 16 za ligi. Rudia hesabu hiyo taratibu. Asisti 10 kwa mechi 16, na penalti za Arsenal zake, kona za upande mmoja zake. Siku hiyo pale Selhurst Park aliinama, akashika nyuma ya paja, akatoka kwa magongo. Alirudi 1 Aprili dhidi ya Fulham akitokea benchi na kufunga. Katikati hapo hakucheza hata dakika moja.

Siku ya kuchagua, je, kulikuwa na dalili? Misimu mitatu mfululizo kabla ya hapo alicheza mechi 38, 38 na 35 za ligi. Alikuwa miongoni mwa watu wanaopatikana uwanjani kuliko karibu wote waliochaguliwa raundi ile. Kwa hiyo chaguo lilikuwa sahihi na msimu ulikuwa mbaya, na hayo ni mambo mawili. Foden hali yake ni tofauti kwa sababu hakupotea kwa jeraha la miezi mitatu. Alipotea kwa sababu zilizokuwa zinaonekana Julai.

Nampa Saka A- ya chaguo. Pointi alizoniletea ni suala lingine na ndiyo maana nilimaliza nilipomaliza.

#5 Beki Tatu

Hapo kwenye mechi 38 umenibana. Lakini nami niongeze kitu. Ukicheza mechi 38, 38 na 35 huku unacheza Ulaya, timu ya taifa, Euro mpaka fainali, hiyo nayo ni dalili. Mwili una kikomo. Mimi nilimkwepa Saka na nikamkwepa Foden kwa sababu moja hiyohiyo, England walicheza Euro mpaka mwisho. Na Palmer alikuwa kikosi kilekile, kaingia fainali akafunga. Kakauka Januari. Wote watatu.

#6 Katibu wa Ligi

Hii hoja nzito. Lakini Watkins naye alikuwepo Euro, ndiye aliyewafunga Uholanzi nusu fainali, na alifunga 16. Tofauti ninayoiona ni dakika: Watkins kule aliingia akitokea benchi, Palmer vilevile, ila Saka na Foden walianza karibu kila mechi. Nakubali tuiweke dakika za mashindano ya kiangazi kwenye kipimo cha siku ya kuchagua. Inamshusha Saka mpaka B+, Foden anabaki pale pale.

#7 Shabiki wa Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma yote na nataka kumtetea aliyemchukua Haaland kwa njia nyingine. Ligi yenu ni ya ana kwa ana, siyo? Ukishinda unapata 3, sare 1. Haaland alifunga mabao 10 kwenye mechi tano za kwanza, hat-trick dhidi ya Ipswich na nyingine dhidi ya West Ham. Hat-trick ya mshambuliaji ni 12 za mabao, 2 za kucheza, na akibeba bonasi zote 3 za aliyeng'ara kwenye mechi ni 17. Mchezaji mmoja anakupa 17 wiki hiyo, mpinzani wako anafanya nini? Huku kwetu mwenye Haaland alishinda mechi zake zote za mwanzo, akajenga pengo la kutosha kuishi nalo City walipoanza kuporomoka.

#8 Katibu wa Ligi

Karibu sana jirani. Hoja yako iko sawa kwa wiki hizo tano, ila ndani yake kuna jambo linalomgeuka Haaland. Ligi ya ana kwa ana inalipa ushindi, hailipi ukubwa wa ushindi. Ukishinda kwa pointi 30 unapata 3, ukishinda kwa 1 unapata 3. Mchezaji anayeleta 17 wiki moja na 2 wiki tatu zinazofuata anakushindia mechi moja. Anayeleta 8 au 9 kila wiki anakusogeza wiki zote nne. Haaland alifunga 10 kwa mechi tano, kisha 12 kwa mechi 26 zilizobaki. Rodri, kiungo wa City, akaumia goti Septemba dhidi ya Arsenal, City wakapoteza mechi nne za ligi mfululizo kuanzia Bournemouth hadi Liverpool, penalti dhidi ya Everton siku ya 26 Desemba ikaokolewa, na mwisho wa Machi kifundo cha mguu kikamtoa kwa wiki kadhaa. Salah alicheza mechi zote 38.

Kwa ana kwa ana ninazidi kuthamini mtu anayepatikana kila wiki. Kwa ligi ya kujumlisha pointi ni jumla tu inayohesabika, na hapo Haaland anapumua kidogo.

#9 Lulu wa Mwanza

Samahani jamani, mimi ndiyo nataka kuanzisha ligi ofisini, tuko 6. Haya mahesabu ya pengo yanabadilika au yanabaki?

#10 Katibu wa Ligi

Dada Lulu, yanabadilika sana, umeuliza swali muhimu kuliko yote humu.

Mkiwa 6 mnachukua washambuliaji 18 na viungo 30 tu. Maana yake wachezaji huru, yaani wasio na mwenyewe kwenye ligi yenu, wanaobaki ni wazuri mno. Mchezaji wa kawaida akiumia, unamwokota mwingine anayelingana naye wiki hiyohiyo. Kwa hiyo kwenye ligi ndogo raundi ya kwanza yote iwe ya watu wenye uwezo wa kupasua, hata kama wana hatari ya kuumia, kwa sababu nafasi yake kuijaza ni rahisi. Ligi ikiwa kubwa, 14 au 16 ambao ndio mwisho unaoruhusiwa, mambo yanageuka: washambuliaji 48 wanachukuliwa, wachezaji huru ni watu wasiocheza, na mtu wa raundi ya kwanza akiumia huna pa kukimbilia. Huko anayepatikana mechi 35 ana thamani kuliko mwenye kipaji anayecheza 24.

Na waambie wenzako ofisini waandae orodha ya wachezaji wanaowataka kabla ya siku. Muda ukiisha hujabonyeza, mfumo unakuchagulia wenyewe.

#11 Mtoto wa Tandika

Dada Lulu, zingatia na maombi ya kubadilisha wachezaji. Yanafungwa saa 24 kabla ya mwisho wa muda wa kupanga kikosi cha gemu wiki (raundi ya mechi), na anayeshika mkia kwenye ligi ndiye anapewa kipaumbele. Baada ya hapo, aliyebaki ni wa atakayewahi.

#12 Simba wa Lubumbashi

Mimi niko Congo, nasoma tu siku zote, leo nimeona jina la Wissa nikasema niandike. Wissa ni wetu. Mabao 19 bila penalti hata moja, maana penalti alikuwa anapiga Mbeumo. Katika ligi yetu hapa alichukuliwa mapema kuliko huko kwenu, na watu walicheka. Nataka kuuliza: Ivan Toney, mshambuliaji wa Brentford, alipoachwa nje ya kikosi mechi ya kwanza dhidi ya Crystal Palace, Mbeumo na Wissa wote walifunga siku hiyo. Ninyi mlikuwa mmeshachagua?

#13 Katibu wa Ligi

Karibu sana kaka. Tulikuwa tumeshachagua, siku mbili tatu kabla. Na umegusa mahali penyewe. Habari za Toney kutaka kuondoka zilikuwepo kiangazi chote, mwisho akaenda Al-Ahli siku ya mwisho ya dirisha la usajili la England. Aliyezichukulia kwa uzito alijua penalti za Brentford zinabaki bila mwenyewe, na mrithi wa wazi ni Mbeumo. Mtu mmoja kwenye ligi yetu alimchukua Mbeumo raundi ya nne. Mabao 20, mechi zote 38. Hilo ndilo chaguo bora la ligi nzima, na ni la raundi ya nne, ndiyo maana ninasisitiza kwamba raundi ya kwanza haipimwi peke yake.

#14 Kipa Namba Mbili

Turudi kwa Alexander-Arnold, maana mwenye namba 10 ni mimi.

Niliangalia hivi. Nina la 10 na la 11 mfululizo, kisha kimya mpaka la 30. Viungo wakubwa walikuwa wameondoka. Nikasema nichukue beki anayepiga kona na faulo, ambaye kila wiki anaweza kutoa asisti na timu isifungwe, pointi 4 nyingine hapohapo. La 11 nikachukua Ødegaard, kiungo wa Arsenal. Trent (ndiye Alexander-Arnold) alimaliza na mabao 3 na asisti 6 na aliumia Machi dhidi ya PSG. Alirudi akatokea benchi pale Leicester akafunga bao pekee la mechi, ila wakati huo mimi nilikuwa nimeshatolewa kwenye mbio za ubingwa.

#15 Beki Tatu

Mabeki 50 wanachukuliwa kwenye ligi ya watu 10, na unapanga watatu tu ukitaka. Pengo kati ya beki wa kwanza na wa kumi ni dogo kuliko nafasi yoyote. Milenković na Aina wa Forest walichukuliwa mwisho kabisa, Forest ikageuka ukuta. Beki raundi ya kwanza, hapana.

#16 Katibu wa Ligi

Beki Tatu yuko sahihi kwa msimu uliopita, nampa Trent C. Lakini Kipa, jambo lililokuumiza zaidi ni la 11. Ødegaard aliumia kifundo cha mguu akiwa na Norway mwanzoni mwa Septemba, na hilo hakuna aliyeliona. Ungekuwa na Ødegaard mzima, leo tusingekuwa tunamjadili Trent.

Ila jamani, tahadhari kwa msimu huu wa 2025/26. FPL imeleta pointi za ulinzi: beki akifikisha jumla ya 10 za kuondosha mpira, kukata pasi, kuzuia mashuti na kunyang'anya mpira ndani ya mechi moja, anapewa pointi 2. Viungo na washambuliaji wanahitaji 12, na kwao mipira waliyoirejesha inahesabiwa pia. Beki wa kati anayepigiwa krosi dakika 90 anaweza kulamba 2 hizo karibu kila wiki hata timu ikifungwa. Hii inapandisha mabeki wa timu ndogo, si wa timu kubwa zinazomiliki mpira. Maana yake pengo la mabeki linazidi kupungua, na hoja ya kutomchukua beki raundi ya kwanza inazidi kupata nguvu.

#17 Shabiki wa Umoja

Sasa tuongee ya mwaka huu. Salah ni namba 1 kwa kila mtu, lakini AFCON ya Morocco inaanza 21 Desemba 2025 na kuisha 18 Januari 2026. Misri wapo. Cameroon ya Mbeumo wapo, na sasa yuko Manchester United ambako penalti ni za Bruno. Mnamchukua Salah namba 1 hata hivyo?

#18 Lulu wa Mwanza

Na Isak? Hakusafiri na Newcastle kwenda Asia, kila siku ni tetesi za Isak na Liverpool.

#19 Katibu wa Ligi

Shabiki, ndiyo, namchukua. Ligi haisimami kipindi hicho, kwa hiyo tuseme anakosa mechi sita au saba. Ukiondoa 7 kwenye 38 anabaki na 31, na kwa mwendo wake wa msimu uliopita, pointi 9 kwa mechi, hiyo ni kama 280, bado mbele ya Mbeumo kwa zaidi ya 40. Hata akipungua kidogo kwa umri, bado yuko juu. Ninachofanya ni kuhakikisha raundi ya tano hadi ya nane nina kiungo mmoja wa ziada asiyekwenda Morocco, ili Desemba nisianze kuomba huruma kwa anayeshika mkia. Ukiwa na namba 2 na Salah ameondoka, hapo Haaland ni chaguo zuri kabisa, na Norway haiendi AFCON. Mbeumo mimi namshusha mpaka raundi ya pili kwa sababu mbili ulizozitaja zote.

Cunha naye mwangalieni upya, mwaka huu FPL imemwandika kiungo. Bao lake limepanda kutoka 4 hadi 5, ila amepoteza kile kilichokuwa kinamfanya awe adimu.

Dada Lulu, Isak kwa sasa hali yake inafanana na ya Toney mwaka jana, na hatari iko pande zote mbili. Akibaki bila furaha, anaweza kukaa nje wiki za mwanzo. Akienda Liverpool, penalti ni za Salah na itabidi acheze na Ulaya katikati ya wiki, kitu ambacho mwaka jana hakuwa nacho. Kwa ligi yenu ya watu 6 mchukue raundi ya kwanza mwishoni, mnaweza kumbeba benchi mwezi mzima. Kwa sisi 10, simgusi kabla ya chaguo la 12. Na kama mnaweza, pangeni siku yenu ya kuchagua iwe karibu kabisa na mechi ya kwanza ya tarehe 15, muwe mmesikia makocha wanasema nini kwenye mikutano yao na waandishi.

#20 Kipa Namba Mbili

Ligi yetu tuchague tarehe 14 usiku basi, saa tatu. Anayepinga aseme sasa.